Dishi Namba Moja

Ofisi ya Leseni, ghorofa ya tatu
3 Februari

Mdogo wangu Daktari wa Kuku,

Mimi ni mzima, ukiondoa kichefuchefu ambacho si cha tumbo. Usishangae kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Tangu mwezi uliopita tunaambiwa simu za kazini zinasikilizwa, na hii yangu mwenyewe nimeacha kuiamini. Nimeongea na dereva wa lori la dawa. Anapanda huko kwenu kila baada ya wiki mbili, na amekubali kubeba bahasha zetu ndani ya boksi la glovu. Kwa hiyo tumerudi kwenye barua, na mimi ndiye ninayefanya kazi Mamlaka ya Mawasiliano. Cheka tu, nimeshacheka mwenyewe.

Unaijua ile kampuni ya setilaiti, yenye vile vidude mamia vinavyozunguka huko juu na kumwaga mtandao kila mahali? Ombi lao la leseni lina miezi kumi na minne kwetu. Kurasa mia tatu. Hakuna aliyezisoma ila mimi, na mimi sina sauti. Mkurugenzi anasema tunalinda masafa ya taifa. Anayasema hayo huku anachovya biskuti kwenye chai, makombo yanamdondokea kwenye tai. Jengo zima linajua ukweli: kampuni haijakubali kumfanya mpwa wake kuwa mshirika wa ndani. Kampuni ya huyo mpwa imesajiliwa Desemba. Nimeitafuta anwani yake. Ni saluni.

Sasa sikiliza tunavyofanya kazi. Kanuni inasema ombi lolote lililopokelewa, lisipojibiwa ndani ya siku thelathini, linahesabiwa limekubaliwa. Kanuni nzuri, iliandikwa na watu wenye akili. Basi sisi tumeipatia dawa: hatupokei. Mhuri wa IMEPOKELEWA ninao mimi kwenye droo, ndiyo maana mkaniita Bi Mhuri, lakini sithubutu kuugonga mpaka Mkurugenzi aseme. Na hasemi. Ombi likija linatiwa kwenye boksi chini ya meza yangu. Shule, hospitali, wakulima wa maua, wote wamo humo. Hawajakataliwa, hawajakubaliwa, hawajafika. Siku nzima miguu yangu inaligusa hilo boksi.

Wiki hii tumeagizwa kuandaa orodha ya madishi ya setilaiti yanayotumika bila kibali. Hapo nimeona mwanya. Zahanati na shule nitaziweka juu kabisa, na kwenye safu ya maoni nitaandika zipewe kibali cha muda. Niletee namba ya dishi lako, mahali lilipo na mnalitumia kwa kazi gani. Andika ukweli wote.

Nisalimie fundi cherehani. Mwambie lile gauni la buluu silihitaji haraka, ila mikono iwe mirefu. Kiyoyozi cha ofisini kinanila mifupa.

Dada yako,
Bi Mhuri


Zahanati
17 Februari

Dada Bi Mhuri,

Kwanza, yule kuku niliyemfunga mguu tukiwa watoto, mguu wake ulipona. Alikufa kwa sababu nyingine. Miaka thelathini nawaambia na hamtaki kusikia.

Dishi letu aliliacha Daktari Bingwa wa upasuaji alipokuja kututembelea mwaka jana. Alilinunua kwa mfuko wake, akaliweka juu ya paa la chumba cha kujifungulia, akaniambia, "Ukipata kitu usichokielewa, piga picha, nitumie, usikae unabahatisha." Tangu siku hiyo nimemtumia majipu, mivunjiko, macho, vipele vya kila rangi. Hujibu ndani ya dakika kumi, mara nyingine akiwa bado na glovu mkononi. Usiponipa mtandao, dada, mimi ni mtu mwenye koti jeupe na bahati. Mahali pa karibu pa kupata mtandao wa simu ni kule juu kilimani, saa mbili kwa miguu, na ukifika simu inakuonyesha kijiti kimoja halafu kinakimbia.

Januari upepo uliliangusha, mguu ukavunjika. Nimeufunga kwa plasta ngumu ya mifupa, ile ya wagonjwa, na juu yake nimeandika kama ninavyomwandikia kila mgonjwa: "Usiloweshe. 9 Januari." Wagonjwa wananiuliza litafunguliwa lini.

Namba nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Lakini niulize kitu. Kwa nini tusilete tu ombi kama watu wengine, ukaligonga mhuri wako? Kuwa kwenye orodha ya wasio na kibali hakunipi raha. Mtu aliyejificha hapeleki anwani yake. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati amesema tufanye unavyotaka, kwa sababu wewe ni damu yetu na unajua njia za huko. Mwenyekiti ndiye huyo huyo fundi cherehani wako. Vikao vyetu tunafanyia kwenye kibanda chake huku anapiga pindo, na hajawahi kukosea kumbukumbu wala mshono.

Amekuuliza urefu wa mkono kutoka begani hadi kwenye kifundo. Mara ya mwisho ulimpa kwa kukisia.

Ndugu yako,
Daktari wa Kuku


Ofisi ya Leseni
3 Machi

Mdogo wangu,

Umeingia. Nimekuweka namba moja, juu ya hospitali ya wamisionari na shule ya viziwi, na kwenye safu ya maoni nimeandika kwa wino mwekundu: "Zahanati. Inaokoa watu. Wapewe kibali cha muda." Namba zako zote nimezikagua mara mbili.

Umeniuliza kwa nini nisigonge tu mhuri. Wa mwisho kuugonga bila ruhusa alikuwa mwenzangu wa meza ya dirishani. Alipokea ombi la kituo cha redio cha shule. Wiki iliyofuata alihamishiwa ghala la nyaya, na sasa anahesabu nyaya. Mimi nina Mama ndani ya nyumba na dawa zake za presha. Usinihukumu ukiwa huko juu mlimani.

Na ukitaka kujua kichefuchefu kimefika wapi, ngoja nikuambie la Jumatano. Kanuni inadai maoni ya wananchi kabla ya leseni. Tulipelekwa ukumbi wa hoteli, watumishi kumi na wawili, tukapewa kalamu za rangi tofauti. Tukaambiwa tuandike maoni ya wananchi. Mimi niliandika matano. Nilikuwa mkulima, nikawa mjane, nikawa kijana asiye na ajira, nikaandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko ubadilike. Wote watano waliomba kampuni ya kigeni ishirikiane na mzawa. Mkurugenzi alipita nyuma ya viti kama msimamizi wa mtihani, akanigonga begani, akasema mjane wangu amemgusa. Halafu wakaleta chakula cha mchana. Nilikula, mdogo wangu. Kilishuka vizuri tu, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Habari njema ni kwamba orodha Mkurugenzi ameichukua mwenyewe. Ameniuliza kila kituo kinafikikaje, barabara ipi, kama mvua inaifunga. Ni mara ya kwanza kumwona akifanya kazi. Nadhani vibali vitatoka mwezi huu.

Mkono wangu una sentimita hamsini na saba. Safari hii nimepima kwa futi.

Dada yako,
Bi Mhuri


Zahanati
17 Machi

Kwa Afisa Leseni,

Wamekuja. Magari mawili, watu watano, vizibao vya kung'aa kana kwamba wanajenga barabara. Nilidhani wameleta kibali. Niliwakaribisha, dada. Niliwaambia wagonjwa wasogee benchi wageni wakae.

Yule mwenye jalada akasoma, "Kituo namba moja, mtambo haramu." Nikaomba kuiona karatasi. Ni mwandiko wako. Saba zako zenye mkanda kiunoni naziona tangu ulipokuwa unanifundisha hesabu. Chini ya ukurasa kuna herufi zako mbili za jina, za kuthibitisha. Wino mwekundu sikuuona. Safu ya maoni haikuwepo.

Wakapanda juu ya paa na viatu vyao vya matope. Wakati wanang'oa, ndani kulikuwa na mama ana uchungu, vumbi la dari likamwangukia usoni, mkunga akamfunika kwa kanga yake. Nilipaza sauti. Mmoja akaniambia nisizuie watumishi wa serikali kufanya kazi. Walipomaliza wakaomba maji ya kunawa, mwingine akaomba dawa ya tumbo. Nilimpa. Alikuwa anaumwa kweli, na mimi sijui kumnyima mgonjwa dawa. Akaondoka bila kusema asante, akiwa amekumbatia dishi letu kifuani.

Stakabadhi waliyotuachia inasema, "Chuma kimoja, kibovu."

Fundi alikuja mbio na futi yake shingoni. Akauliza, "Si dada yako alisema tutapewa kibali?" Nilisema labda kuna makosa. Nimekutetea, na sijui kama nimefanya vizuri.

Asante kwa kuniweka namba moja.

Tabibu wa Zamu


Ofisi ya Leseni
31 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako chooni, mlango nimeufunga kwa komeo, kwa sababu ofisini hakuna mahali pengine pa kulilia.

Sikujua. Orodha niliyoiandika ilikuwa na safu ya maoni. Walipoipiga kopi waliikunja ukingo, maoni yote yakabaki nje. Wameitumia kuwatisha watu wa kampuni: angalieni, madishi yenu haramu yamejaa nchini, mtakubali masharti au tuendelee? Magazeti yamepiga picha ya rundo la madishi, na Mkurugenzi mbele yake, amekunja uso kama aliyekamata majambazi.

Nimekwenda ghala kuuliza. Mtunza ghala amesema vifaa vyote vipo salama, na vitarudishwa taratibu zikikamilika. Vumilia kidogo. Ukipata mgonjwa mgumu, mpe rufaa mapema.

Nisamehe. Usiniite Afisa Leseni.

Dada yako


Zahanati
14 Aprili

Dada,

Umesema vumilia, basi sikiliza tulivyovumilia.

Tarehe moja fundi cherehani alichomwa na sindano ya mashine kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia. Alikuwa anashona gauni lako. Alikuja kesho yake kidole kimevimba. Mimi nikaona ni jipu la kawaida la kidole. Ningekuwa na dishi ningepiga picha. Badala yake nikampa vidonge, nikamwambia aloweke kwenye maji ya chumvi ya vuguvugu, arudi baada ya siku tatu. Siku ya pili usiku wekundu ulikuwa umepita kiganja. Nikapanda kilimani na simu, mvua inanipiga, nikakaa huko mpaka betri ikaisha, picha haikwenda hata moja. Lori la dawa, lililocheleweshwa na mvua, lilipofika siku ya tano tukamlaza juu ya maboksi, nikaenda naye mpaka hospitali kubwa.

Daktari Bingwa amekata viwili, cha shahada na cha kati. Hakunifokea. Aliniambia tu usaha ulikuwa umeingia kwenye ala, ule mfuko unaozunguka kano ya kidole, na kwamba angeiona picha siku ya kwanza angeniambia nikichane saa ile ile, na fundi angekuwa na vidole vyake. Nimelirudia neno hilo mpaka nachukia sauti yangu. Mimi ndiye niliyemwambia aloweke chumvi. Sikusingizii hilo. Lakini kuna watu walinitoa macho, na mmoja wao aliweka herufi zake mbili chini ya karatasi.

Gauni lako dereva amekuletea. Mkono wa kushoto umekamilika. Wa kulia fundi ameushikiza kwa bandi tu, mshono wa muda, na amesema umwie radhi, uzi ule haushiki, usivute.

Msamaha wako siuhitaji. Ndani ya bahasha kuna ombi la kibali, fomu ile ile ambayo ningejaza Februari kama usingekuwa mjanja. Mwombaji ni mwenyekiti wa kamati. Kwenye sahihi ameweka dole gumba, kwa kuwa kalamu haishikiki. Lipokee au litie kwenye boksi lako, wewe ndiye mwenye miguu ya kuligusa.

Tabibu


Nyumbani
28 Aprili

Mdogo wangu,

Naandika nikiwa jikoni, Mama amelala. Nilikudanganya mara mbili, na leo natapika yote.

Kopi niliiona kabla hawajaja kwenu. Mkurugenzi aliileta mezani kwangu, akasimama na kikombe chake, akasema, "Weka herufi zako kila ukurasa." Niliona safu imekatwa. Nilifungua mdomo. Akasema, "Kuna tatizo, Afisa?" na chai ikamwagika kidogo kwenye kibao changu cha jina, akaifuta kwa kidole, akakilamba. Nikaweka herufi. Kurasa sita. Nilijiambia nitalirekebisha baadaye.

La pili ni ghala. Mtunza ghala hakuniambia vifaa vipo salama. Alinionyesha rafu, zikiwa tupu, akacheka. Wiki mbili zilizopita nikajua vilikokwenda. Nilitumwa nyumbani kwa Mkurugenzi nikasainishe mialiko ya hafla ya leseni, maana kampuni imekubali, mpwa ameingia. Juu ya paa la gereji kuna dishi lenye mguu wa plasta. Nilisogea. "Usiloweshe. 9 Januari." Mwandiko wako, mdogo wangu, juani, na ndani watoto wake wanaangalia katuni. Aliniona natazama. Akasema, "Mtandao wa hapa ulikuwa unasuasua sana," uso mkavu, akarudi kwenye mialiko.

Hapo nikajiona na mimi nilivyo. Nimekuwa nikiwachukia wale kama mtu anayetazama uchafu dirishani, kumbe nimesimama ndani yake na viatu vyangu vya kazini.

Ombi la fundi lilifika tarehe 16. Tarehe 17 asubuhi nilitoa mhuri kwenye droo, wino umekauka, nikautemea mate. Nikagonga. IMEPOKELEWA. Nilidhani jengo zima limeisikia sauti ile. Kisha nikaliandika kwenye kitabu cha kukabidhi, nikampelekea Mkurugenzi asaini kwamba amekabidhiwa. Alisaini bila kuangalia, kikombe mkononi, kama nilivyosaini mimi.

Sasa, pa kuliweka. Likirudi kwenye boksi watasema nimelificha. Kwenye meza yake kuna trei tatu: YALIYOINGIA, YANAYOTOKA na HARAKA. Mbili za kwanza anazipekua kutafuta mialiko. Ya HARAKA haijaguswa tangu niajiriwe. Ina vumbi, karatasi ya biskuti na mende mkavu aliyelala chali. Nimelilaza ombi humo, hadharani, mhuri juu. Mende nimemrudisha mahali pake.

Siku thelathini zinaisha tarehe 17 Mei. Usiandike mpaka zipite. Na usinisamehe kwanza.

Dada yako


Nyumbani
26 Mei

Mdogo wangu,

Kilichofungwa kwenye blanketi la Mama, chini ya maboksi ya bandeji, ni dishi lako. Mwambie dereva alishushe taratibu, mguu bado unauguzwa.

Mwezi mzima nilikuwa nikipita mbele ya trei ile mara nne kwa siku. Mkurugenzi alikuwa bize na hafla: kitambaa cha meza kiwe rangi gani, nani akae karibu na waziri. Leseni ilisainiwa tarehe 15. Mpwa alitoa hotuba kuhusu vijana na teknolojia. Aliita setilaiti "sateliti" na "satalaiti" na mara moja "mashine za juu", na watu wakapiga makofi kila mara. Nilipiga na mimi, tayari nilikuwa nahesabu siku mbili.

Tarehe 18 nilimpelekea mwanasheria wetu kitabu cha kukabidhi. Aliisoma kanuni mara tatu, akavua miwani, akasema, "Limekubaliwa." Halafu akaniomba nisiseme kwamba yeye ndiye aliyesema. Kwa kanuni hiyo hiyo afisa leseni hutoa hati, na mwenye hati hurudishiwa kifaa chake popote kilipo. Nikaandika hati. Nikavaa gauni la buluu. Dereva wa lori alikuwa na ngazi.

Mke wa Mkurugenzi alitufungulia geti, akadhani ni mafundi. Alisema chumba cha mtoto mkubwa kinapata mtandao dhaifu. Nilimwonyesha hati, akasema mambo ya karatasi ni ya baba watoto. Dereva akapanda, mimi nikashika ngazi, na hapo mkono wa kulia wa gauni ukachomoka, ukaning'inia kwenye kiwiko. Nikauvua nikautia mkobani. Nilimwachia mama yule stakabadhi: "Dishi moja, zima."

Saa nane mchana siku hiyo niliitwa na Mkurugenzi. Alifoka mpaka mate yakaruka. Ombi gani? Lini? Nani alilipokea? Nikamwonyesha sahihi yake kwenye kitabu, kisha nikamwonyesha trei. Mende alikuwa bado juu yake. Alimtazama mende, akanitazama mimi na mkono wangu mmoja wazi, na kwa mara ya kwanza sikuona mtu wa kuogopwa. Niliona tai yenye makombo.

Nimeambiwa nikabidhi ofisi Ijumaa iliyopita, na nimekabidhi. Mama amesema tutakula mboga za uani mpaka nipate pengine. Lakini Alhamisi nilibaki baada ya wenzangu kutoka. Nilifungua chupa mpya ya wino, nikalivuta boksi kutoka chini ya meza. Maombi mia mbili na kumi na nne. Nimeyagonga yote, moja moja, nikayaandika kitabuni, na Ijumaa asubuhi katibu muhtasi wa Mkurugenzi amesainia furushi zima. Kifundo cha mkono kimevimba. Hakuna sindano iliyonichoma, usijali.

Wana siku thelathini.

Dada yako


Zahanati
9 Juni

Dada,

Limewaka. Tumelirudisha juu ya chumba cha kujifungulia, na plasta nimebadilisha, maana watoto wa mkubwa wako waliibandika stika.

Picha ya kwanza niliyotuma ni ya mkono wa fundi. Daktari Bingwa amejibu baada ya dakika nne: "Kidonda kimefunga vizuri. Azoeze dole gumba, kutwa mara tatu." Dakika nne, dada. Nilikaa nazo kwenye benchi la wagonjwa, mkunga akaniuliza nani amekufa.

Fundi nimemwambia yote: orodha, kopi, zile herufi mbili, na kwamba ulidanganya. Cherehani yake ina vumbi, ameifunika kwa shuka. Akasema anajifunza kukata kwa mkono wa kushoto, vitambaa vinakwenda upande kama vimelewa, na kwamba hawezi kuendelea kulala akijua kuna gauni lake linatembea mjini na mkono mmoja. Akauliza kama kipimo chako ni kile kile au umekonda.

Mimi bado sijafika alipofika yeye. Nikiandika namba saba kwenye kadi ya mgonjwa naona karatasi yako. Itachukua muda, na sitakudanganya kwamba haitachukua.

Hapa tunahitaji mtu wa mapokezi. Mshahara ni mdogo wa kuchekesha, na mvua ikinyesha dari linavuja juu ya meza yenyewe. Kazi ni kuandika jina la kila anayeingia na kugonga mhuri kwenye kadi yake. Mwenyekiti wa kamati ndiye anayeajiri, na ameshaweka dole gumba.

Gauni usimpe dereva. Lilete mwenyewe, na mkono wake.

Ndugu yako,
Daktari wa Kuku